Sikio Peke Yake Halitoshi: Kitagalogi, Kivietnamu na Nasaba ya Lugha

Mazungumzo yetu ya leo yanavuka Bahari ya Hindi na kufika Asia ya Kusini Mashariki, kwenye lugha mbili zinazotazamana kutoka pande mbili za bahari moja: Kitagalogi cha Ufilipino na Kivietnamu cha Vietnam. Wapo watakaosema jambo hili liko mbali mno na sisi. Lakini wafanyakazi wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam wameshawasikia mabaharia wa Kifilipino, na ndugu zetu walioko Muscat, Doha na Dubai hukutana na Wafilipino kazini na madukani. Na mtu akisikia lugha ngeni, hakawii kutoa hukumu. Akikisikia Kitagalogi kikitaja mesa, kutsara na sapatos, atasema hicho ni Kihispania kilichoharibika. Akikisikia Kivietnamu kikipanda na kushuka, atasema hicho ni Kichina cha namna nyingine. Hukumu zote mbili hazisimami, na zote mbili zimezaliwa na kosa moja, nalo ni kudhani kwamba lile linalosikika kwanza katika lugha ndilo asili yake. Hoja yangu leo ni kwamba toni, maneno ya mkopo na herufi ndivyo vitu vinavyokuja na kuondoka kwa urahisi zaidi katika maisha ya lugha, na anayetaka kujua nasaba yake hana budi kutafuta chini zaidi ya hapo.

Tuanze na kile sikio linachokipata, kwa sababu tofauti ya lugha hizi mbili ni kubwa kweli. Kivietnamu ni lugha ya toni. Silabi moja, ma, huwa maneno sita kwa lafudhi ya kaskazini, kutegemea sauti imekaa sawa, imepanda, imeshuka, imejikunja au imekatwa kooni: kuna ma la mzimu, kuna ma la kaburi, kuna ma la miche ya mpunga. Tena neno la Kivietnamu halibadiliki umbo. Kununua ni mua, na samaki ni cá. Msemaji akitaka kusema nimenunua samaki, huweka đã mbele ya mua. Akitaka kusema ninanunua, huweka đang. Akitaka kusema nitanunua, huweka sẽ. Mua lenyewe linabaki vilevile, jana, leo na kesho. Kazi yote ya sarufi inabebwa na mpangilio wa maneno na vijineno vinavyosimama peke yake.

Kitagalogi kinafanya kinyume kabisa. Hakina toni, na neno lake linafinyangwa kutoka ndani. Chukua mzizi kain, wenye maana ya kula. Ingiza um katikati upate kumain, yaani tendo limekwisha. Rudia silabi ya kwanza upate kumakain, tendo linaendelea. Ondoa um uache silabi iliyorudiwa, upate kakain, tendo bado linakuja. Mzizi bili, wenye maana ya kununua, unaonyesha zaidi. Ukisema bumili, sentensi inamweka mbele mnunuzi. Ukisema binili, inakiweka mbele kitu kilichonunuliwa, samaki kwa mfano. Ukisema binilhan, inamweka mbele muuzaji ambaye samaki amenunuliwa kwake. Ukisema ibinili, inamweka mbele mtoto aliyenunuliwa samaki. Mswahili aliyezoea kunyambua nunua, nunuliwa na nunulia atajihisi yuko nyumbani. Lakini hapo hapo ajihadhari, maana Kitagalogi na lugha za Kibantu hazina undugu wowote uliothibitishwa. Zimefanana katika tabia ya kushikiza viambishi, na tabia hiyo imejitokeza duniani katika koo nyingi za lugha, kila ukoo kwa njia yake. Kufanana kwa umbo, basi, si ushahidi wa damu moja.

Kosa hili halikufanywa na wapita njia tu. Mwaka 1912 Henri Maspero, msomi Mfaransa aliyekijua Kivietnamu na Kichina kwa kina, aliandika kwamba Kivietnamu kina uhusiano na lugha za jamii ya Kithai. Sababu yake kubwa ilikuwa toni. Kikhmer cha Kambodia na jamaa zake hakina toni, Kithai kinazo, Kivietnamu kinazo. Kwa hiyo, alihoji, Kivietnamu hakiwezi kuwa cha ukoo wa Kikhmer. Maelezo hayo yalikubaliwa na wengi kwa miaka mingi. Kisha, mwaka 1954, Mfaransa mwingine, André-Georges Haudricourt, akachapisha makala iliyogeuza mambo. Alilinganisha maneno ya msingi ya Kivietnamu na ya lugha za milimani zilizo jamaa ya Kikhmer, na akauona mpangilio. Turudi kwa samaki wetu. Kivietnamu kinasema cá kwa sauti inayopanda. Kikhmu, lugha ya milima ya Laos, kinasema ka, na mwishoni koo linajifunga kwa ghafla. Haudricourt alionyesha kwamba maneno ya Kivietnamu yenye toni hii ya kupanda yanalingana na maneno yanayofungwa kooni katika lugha hizo, na kwamba maneno yenye toni nyingine fulani yanalingana na yale yaliyokuwa yakiishia na sauti kama s au h. Wasemaji wa zamani walipofunga koo, sauti ilipanda yenyewe kidogo. Kufunga koo kulipopotea, kupanda kukabaki na kubeba maana peke yake. Hivyo konsonanti za mwisho zilipotoweka ziliacha toni tatu, na baadaye konsonanti za mwanzo zilipopoteza tofauti ya ghuna na sighuna, kama ile ya b na p, tatu zikagawanyika zikawa sita. Kwa hiyo toni za Kivietnamu zilikua ndani ya lugha yenyewe, kutokana na sauti ambazo jamaa zake bado wanazitamka. Leo wanaisimu wanakiweka Kivietnamu katika ukoo wa Kiaustroasia pamoja na Kikhmer, Kimon na Kimuong.

Mtu anaweza kusema huo ni mfano mmoja tu, tena wa kubahatisha kilichotokea zamani. Upo mfano wa pili, nao unatoka upande wa jamaa za Kitagalogi. Katikati na kusini ya Vietnam palikuwa na ufalme wa Champa, na watu wake, Wacham, bado wapo. Kicham ni lugha ya Kiaustronesia, ukoo uleule wa Kitagalogi na Kimalei. Baadhi ya watu wa Champa walihamia kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, ambako wazao wao Waislamu wanaishi karibu na mji wa Sanya na kuzungumza lugha iitwayo Kitsat. Katika karne walizokaa katikati ya majirani wenye lugha za toni, maneno yao ya silabi mbili yalifupishwa kuwa ya silabi moja, konsonanti za mwisho zikapungua, na toni kamili zikazaliwa. Anayekisikiliza Kitsat leo bila kukichunguza atakiweka upande wa Kivietnamu na Kichina, ilhali ni cha ukoo wa Kitagalogi. Na kama mfano wa Hainan unaonekana wa mbali, tunao wetu hapa. Kiganda, Kikuyu na Kinyarwanda ni lugha za toni, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili ni ndugu yao, lakini hakina toni. Kinatumia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hakuna mwanaisimu anayekitoa Kiswahili katika Ubantu kwa sababu hiyo. Toni huzaliwa na hufa, na ukoo hubaki.

Sasa tuje kwenye maneno ya mkopo, maana hapo ndipo hukumu hutolewa kwa ukali zaidi. Ni kweli kwamba Kitagalogi kimejaa Kihispania. Utawala wa Hispania ulianza mwaka 1565 na kwisha mwaka 1898, na zaidi ya miaka 300 haiwezi kupita bure. Siku za wiki, isipokuwa Jumapili, ni za Kihispania, saa inatajwa kwa Kihispania, dirisha ni bintana, Mungu ni Diyos. Kivietnamu nacho kimechukua kutoka Kichina kwa wingi kuliko hapo: Uchina ilitawala bonde la Mto Mwekundu tangu mwaka 111 kabla ya Kristo hadi ushindi wa Ngô Quyền mwaka 938, na hata baada ya uhuru, Kichina cha kale kiliendelea kuwa lugha ya mitihani ya serikali hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ni chính phủ, uhuru wa nchi ni độc lập, mwanafunzi ni học sinh, yote kutoka Kichina. Lakini angalia jinsi mikopo inavyosimulia aina ya uhusiano. Kitagalogi nacho kina maneno ya Kichina, ila hayakutoka ofisini. Yaliletwa na wafanyabiashara wa Fujian waliohamia Manila, na kwa hiyo ni ya jikoni na ya nyumbani: pansit ni tambi, toyo ni mchuzi wa soya, ate ni dada mkubwa, kuya ni kaka mkubwa. Kichina kilekile kiliingia Vietnam kwa mlango wa mahakama na vitabu, kikaingia Manila kwa mlango wa soko na ndoa. Kivietnamu nacho kikachukua cà phê ya kahawa na ga ya stesheni ya treni kutoka kwa Wafaransa. Maneno haya yanatuambia nani alikutana na nani, na kwa shughuli gani. Hayatuambii nani alimzaa nani.

Hapa huja pingamizi lenye uzito. Je, lugha ikikopa maneno mengi mno, kama Kivietnamu kilivyokopa, haifiki mahali ikawa imebadilisha ukoo? Jibu linapatikana ukiangalia ni maneno yapi yaliyokopwa na yamepangwaje. Katika Kivietnamu, samaki, mbwa, jicho, pua, mkono, jani, maji na hesabu ya kawaida ya moja mpaka kumi ni ya Kiaustroasia. Na sarufi imeshikilia njia yake: Mchina husema kubwa nyumba, Mvietnamu husema nhà lớn, yaani nyumba kubwa, kama sisi. Katika Kitagalogi, vivyo hivyo, kitenzi cha Kihispania kikiingia kinavikwa viambishi vya Kitagalogi na kunyambuliwa kama bili na kain. Mkopo ndio unaotii. Hoja hii tunaijua sisi kuliko wengi, kwa sababu Kiswahili kimeambiwa mara nyingi kwamba ni Kiarabu kilichochanganywa. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, hilo ni kweli, na linatufundisha kwamba hata hesabu inaweza kukopwa, kwa hiyo asitegemee mtu orodha moja pekee. Lakini ngeli, viambishi vya nafsi na minyambuliko yetu ni ya Kibantu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ikiwa toni na mikopo haithibitishi nasaba, ni nini basi kinachothibitisha? Ni kulingana kwa sauti kunakojirudia bila kuchoka, katika maneno ya msingi. Na hapa Kitagalogi kinatuletea ushahidi kutoka jirani kabisa na pwani yetu. Kimalagasi cha Madagaska ni lugha ya Kiaustronesia, iliyoletwa na mabaharia kutoka visiwa vya Asia; mwaka 1951 Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha kwamba jamaa yake wa karibu ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Sikilizeni maneno haya. Saba kwa Kitagalogi ni pito, kwa Kimalagasi ni fito. Nne ni apat, huko ni efatra. Moto ni apoy, huko ni afo. Nyeupe ni puti, huko ni fotsy. Kila mahali Kitagalogi kinapoweka p, Kimalagasi kinaweka f, katika hesabu, katika moto, katika rangi. Bahati haiwezi kufanya kazi kwa utaratibu namna hiyo. Sikio halitambui kwa wepesi kwamba apat na efatra ni neno moja. Ni ulinganishaji unaotambua, na ndio unaotuwezesha kusema kwa uhakika kwamba watu wa Manila na watu wa Antananarivo wanazungumza lugha zilizotoka kwa mama mmoja, ijapokuwa bahari nzima ya Hindi imelala kati yao.

Mpinzani makini atatuuliza sasa swali gumu zaidi. Jicho kwa Kitagalogi ni mata, kwa Kivietnamu ni mắt. Sikio kwa Kitagalogi ni tainga, kwa Kivietnamu ni tai. Huo si undugu? Tuyapime maneno haya kwa kipimo kilekile. Tunajua kwamba t ya Kivietnamu katika maneno mengi ya asili ilitokana na s: nywele ni tóc, na Kikhmer husema sak. Neno tai nalo lilianza na s zamani. Kwa upande wa pili, Kimalei kinachosema telinga kinatuonyesha kwamba tainga ya Kitagalogi ilikuwa na l katikati, ikapotea. Tukirudi nyuma, maneno mawili yaliyofanana leo yanazidi kuachana, na ndugu wa kweli huzidi kukaribiana wanaporudi nyuma. Mata na mắt kwa kweli yamefanana tangu kale, kila moja katika ukoo wake, lakini mfanano mmoja hauundi utaratibu. Ungetegemea t hiyo ijirudie katika maneno mengine ya msingi, nayo hairudi: jiwe ni bato kwa Kitagalogi na đá kwa Kivietnamu. Kuna pia anim na năm, yanayovutia sikio, ila la kwanza ni sita na la pili ni tano.

Ni haki kuongeza kwamba swali hili halijafungwa na wasomi wote. Mwaka 1906 Wilhelm Schmidt alipendekeza kwamba koo hizi mbili, Kiaustronesia na Kiaustroasia, zilitoka kwenye ukoo mmoja wa kale zaidi, akauita Kiaustriki, na wapo walioendeleza wazo hilo, miongoni mwao Lawrence Reid. Halijathibitishwa, na wengi hawalikubali. Lakini tazama wamejenga juu ya nini. Hawakujenga juu ya toni, mikopo wala herufi. Reid alitafuta viambishi, hasa vile vinavyoingizwa katikati ya mzizi, ambavyo Kikhmer na lugha za visiwa vya Nikobari vinavyo kama Kitagalogi kilivyo navyo. Kivietnamu chenyewe kimeshavipoteza. Hata kama siku moja undugu huo wa mbali utathibitika, utathibitika kwa mambo ya chini, na hoja yangu itabaki mahali pake.

Kuhusu herufi nitasema kwa ufupi. Lugha zote mbili leo zinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na zote mbili zilipewa herufi hizo na wamisionari Wakatoliki. Kitabu cha mafundisho ya dini kilichochapishwa Manila mwaka 1593 kilikiandika Kitagalogi kwa Kilatini sambamba na Baybayin, mwandiko wa wenyeji. Kamusi ya Alexandre de Rhodes, iliyochapishwa Roma mwaka 1651 na kujengwa juu ya kazi ya Wajesuti wa Kireno waliomtangulia, ilikiandika Kivietnamu kwa herufi hizo pamoja na alama za toni. Kabla ya hapo Wavietnamu waliandika lugha yao kwa Chữ Nôm, alama zilizobuniwa kwa mfano wa Kichina, na hata baada ya kamusi hiyo waliendelea nazo kwa muda mrefu. Ndizo alizozitumia mshairi Nguyễn Du kuandikia utenzi wake maarufu wa Kiều. Lugha imebadilisha mwandiko na imebaki ileile, kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazotumia leo.

Mwisho yupo atakayeuliza: haya yote yana faida gani kwa mtu anayetafuta riziki? Yana faida kwa sababu hukumu juu ya lugha huwa hukumu juu ya watu, na serikali huzifanyia kazi. Aliyeambiwa lugha yake ni uchafu wa lugha ya mtawala ataona aibu kumfundisha mtoto wake lugha hiyo. Vietnam ilikataa aibu hiyo Septemba 1945, pale serikali ya Ho Chi Minh, siku chache baada ya kutangaza uhuru, ilipoanzisha kampeni ya kufuta ujinga kwa Kivietnamu. Ufilipino ilichagua Kitagalogi kuwa msingi wa lugha ya taifa kwa tangazo la Rais Manuel Quezon la Desemba 1937. Uamuzi huo ulizaa manung'uniko ya haki. Wasemaji wa Kisebuano na Kiilokano, ambao ni mamilioni, wamezoea kusikia lugha zao zikiitwa lahaja, na kipimo tulichokitumia leo kinawaunga mkono: hizo ni lugha dada za Kitagalogi, zenye sarufi na historia zao, na hakuna iliyozaliwa na Kitagalogi. Vietnam nayo inayo makabila 54 yanayotambuliwa rasmi, na Kicham na Kimuong vinastahili heshima ileile ambayo Kivietnamu kiliidai kwa Kichina na Kifaransa. Kanuni iliyomwokoa mkubwa dhidi ya mkubwa zaidi haiwezi kukoma inapomfikia mdogo.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiambiwa kwamba lugha fulani si lugha, au ni mabaki ya lugha nyingine, iwe ni ya Manila, ya Hanoi au ya kijiji cha jirani yako, omba ushahidi. Uliza maneno ya msingi yanasemaje. Uliza sauti zinalingana kwa utaratibu gani, na sarufi inaendeshwa na viungo vya nani. Asiyeweza kujibu maswali hayo amesikia tu, hajachunguza, na asipewe nafasi ya kuamua lugha ipi ifundishwe na ipi iachwe.